Sura ya Saba: Kitufe Chini ya Taarifa

Gari la kumchukua Sista lilikuwa lifike saa sita kamili, na saa ya ukutani katika chumba cha mitambo cha hospitali ilionyesha saa nne na robo. Inspekta aliitazama mara moja, akaazimia kutoitazama tena, kisha akaitazama.

Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka hamsini na kitu, miwani yake imefungwa uzi shingoni. Kituoni kwake walimwita Bi Tena, kwa kuwa hakuna shahidi aliyewahi kumweleza jambo asiombwe alirudie. Asubuhi hiyo alikuwa amesikia kila kitu mara tatu, na kila mara kilimwelemea Sista zaidi.

Aliyefariki alikuwa mwalimu mstaafu. Figo zake zilikuwa zimekataa kazi, akawa anaishi kwa mashine ya kusafisha damu, mara tatu kwa wiki, katika wodi ya ghorofa ya pili. Utaratibu ulikuwa mmoja. Kila siku alfajiri muuguzi aliyeko zamu hufungua orodha kwenye kompyuta, huwapigia simu waliomo humo, na gari la hospitali hupita kuwachukua. Alhamisi iliyopita jina la Mwalimu halikuwemo. Hakupigiwa simu. Alikaa sebuleni na mfuko wake miguuni Alhamisi kutwa, Ijumaa kutwa, Jumamosi kutwa. Jumapili akakata roho.

Jina lilikuwa limeondolewa Jumatano, saa nne na dakika arobaini na mbili asubuhi. Rekodi ya mfumo ilimtaja aliyeliondoa: Sista.

Kama ni sababu ya kumtakia mabaya, nayo ilikuwepo, tena mbele ya mashahidi kumi na wawili. Siku moja kabla, Jumanne, kaka mkubwa wa Mwalimu alimfokea Sista pale mapokezi kwamba anawatanguliza anaowajua. Sista, aliyekuwa zamu tangu usiku, akamjibu kwamba kama hawaiamini wodi yake basi wasije tena. Mashahidi wote waliyakumbuka maneno hayo, na wawili kati yao walikuwa tayari wameanza kuyatia chumvi.

Sasa Sista alikuwa chumba cha pili, anachungwa na askari. Shitaka lilikwisha kuandikwa: kuua kwa kukusudia. Akishasomewa hilo mbele ya hakimu hakuna dhamana, na kesi za namna hiyo huchukua miaka. Inspekta alikuwa na saa mbili kasorobo za kujua kama mwanamke huyo anasema kweli, na kweli aliyokuwa nayo Sista ilikuwa sentensi mbili tu. Hakuligusa jina la Mwalimu. Alichofanya dakika ile ni kufunga taarifa iliyoruka kwenye skrini kusema mashine namba tatu iko kwenye matengenezo.

“Tena,” Inspekta alikuwa amemwambia.

“Nimefunga taarifa, afande. Nikainuka nikaenda kumwangalia mgonjwa wa kitanda cha nne. Hata ukiniuliza mpaka jioni.”

Inspekta alianza na njia iliyo rahisi: pengine mtu mwingine alikaa kwenye kiti kile. Kamera ya korido ikamfungia mlango huo. Ilimwonyesha Sista peke yake mbele ya kompyuta, mkono wa kulia juu ya kipanya, halafu anainuka na kwenda upande wa vitanda. Dakika nzima hakuna mwingine aliyesogea.

Ikabaki mashine yenyewe, na mashine ilikuwa na mwenyewe. Walimwita Programa, kijana mwembamba aliyeandika kurasa zote za mfumo ule, mwenye macho mekundu ya mtu aliyekesha usiku kucha. Inspekta alivuta kiti akakaa ubavuni mwake, karibu kuliko kijana alivyopenda.

“Nionyeshe Jumatano,” alimwambia. “Nifundishe kama unavyomfundisha mama yako.”

Programa alifungua nakala ya majaribio, ukurasa ule ule lakini wenye wagonjwa wa kubuni. Katikati kulikuwa na orodha, kila mgonjwa na mstari wake, na mwisho wa kila mstari kitufe chekundu kilichoandikwa Ondoa. Kisha akaamuru taarifa itokee. Kisanduku cha njano kikatanda juu ya orodha na kuifunika nusu, na pembeni yake, juu kulia, kuna alama ya kufungia.

Inspekta aliinamia skrini. Akauliza kama orodha iliyofunikwa imeondoka au bado ipo.

Ipo, kijana alisema. Ukurasa wa wavuti una matabaka, kama karatasi zilizopangwa mezani. Taarifa ndiyo karatasi ya juu, na kipanya hugusa iliyo juu tu.

“Basi hapo hapo uliposimama. Chini ya hiyo alama ya kufungia, kwenye karatasi ya chini, kuna nini?”

Programa alipima kwa jicho. Akapima tena kwa rula ya kwenye skrini. Alijibu kwa sauti ya chini kwamba kuna kitufe cha Ondoa cha mstari wa tatu.

Mwalimu, Jumatano ile, alikuwa mstari wa tatu.

Inspekta alihisi mgongo wake ukinyooka. Akamtaka kijana aeleze ni kwa njia gani kubofya juu kunaweza kufika chini. Programa akachukua karatasi, akachora kisanduku ndani ya kisanduku ndani ya kisanduku.

“Ukibofya kitufe, afande, habari haikai pale pale. Inashuka kutoka ukurasa mzima hadi kwenye kitufe, halafu inapanda. Kitufe kinauambia mstari, mstari unaliambia jedwali. Yeyote aliyetega sikio anaweza kufanya jambo lake.”

“Kama umbea.”

“Umbea mtupu.” Karibu atabasamu. “Lakini hilo nililiona mapema. Kuna amri moja kwenye Javaskripti, lugha ya kuandikia kurasa hizi, inayoukata umbea palepale. Niliiweka kwenye alama ya kufungia. Hii hapa.”

Alionyesha mstari wa msimbo. Inspekta hakuelewa herufi hata moja, ila alielewa kujiamini kwa kijana, akataka wajaribu. Programa akaweka kidole, akabofya mara moja, polepole. Taarifa ikafungika. Mstari wa tatu ukabaki ulipo. Wakarudia mara tano, mara kumi, mara ishirini, wakibofya katikati ya alama, kwenye kona yake, ukingoni kabisa. Kila mara taarifa iliondoka peke yake, na mgonjwa wa kubuni wa mstari wa tatu akaendelea kukaa pale na uzima wake.

Saa tano na dakika ishirini. Waliambulia patupu.

Inspekta alitoka koridoni kupata hewa. Kwenye benchi, mkabala na mlango, alikaa kaka wa Mwalimu, mzee mrefu aliyepakata mfuko wa kitambaa. Tangu asubuhi alikuwa hajauweka chini. Ndio ule mfuko wa Alhamisi. Ndani, alikwisha kumwonyesha Inspekta, mlikuwa na ndara, redio ndogo na blanketi la sufu, kwa sababu damu ikitolewa kuzungushwa kwenye mashine mtu huingiwa na baridi hata kama nje kuna jua.

“Amekiri?” aliuliza mzee.

“Bado, kaka.”

Mzee aliutazama mfuko. Alisema kwamba mdogo wake hakupiga simu kuuliza kwa sababu yake yeye. Jumanne usiku walikula pamoja, na Mwalimu akamwambia: umeniaibisha kwa wale wauguzi. Alhamisi gari lisipokuja alidhani ndiyo adhabu yao, akaona haya kusumbua watu. Mzee mwenyewe alikuwa safarini hadi Jumamosi usiku.

“Kwa hiyo nataka nimwone anapopandishwa lile gari,” alimaliza. “Sitaki kingine.”

Daktari Mkuu alitokea upande wa ngazi akiwa na fomu ya makabidhiano mkononi. Alizungumza kwa upole wa mtu mwenye haraka. Akamwomba Inspekta atie saini mapema, familia ipumzike na wodi irudi kazini. Aliongeza kwamba yeye binafsi anasikitika kumpoteza muuguzi wa miaka kumi na minane, ila kompyuta haina ugomvi na mtu, imeandika ilichokiona.

“Saa sita bado,” Inspekta alisema.

“Dakika thelathini na tano zitabadilisha nini, mama?”

Maji yalikuwa yamemfika shingoni na alijua. Alipita chumba cha pili, akamkuta Sista amesimama kwenye chombo cha maji ya kunywa, askari nyuma yake. Sista alikibonyeza kitufe cha bomba kwa kidole gumba, tap-tap, akajaza kikombe. Hakunywa. Alimkabidhi askari, akarudi kukaa.

Inspekta alirudi kwa Programa huku kitu kikimkwaruza kichwani, kitu kidogo ambacho hakukipatia jina. Alikaa, akaichukua karatasi ya rekodi iliyokuwa msingi wa shitaka zima, akaisoma kama barua iliyoandikwa na mwongo.

“Hii inasema saa nne na dakika arobaini na mbili. Sekunde ziko wapi?”

Programa alisema alizikata ili karatasi isomeke.

“Na Sista anasema alifunga taarifa. Humu hakuna taarifa iliyofungwa. Ama yeye ni mwongo, ama karatasi yako imenyamazia jambo.”

Kijana alikuna shingo. Kufunga taarifa si tendo, alieleza; watu hufunga maelfu kwa siku. Alipowachapia polisi rekodi alizichuja zile kama takataka, zisiwachanganye.

“Nipe takataka zangu,” Inspekta alisema.

Ilichukua dakika sita, na Inspekta alizihesabu zote. Skrini ikajaa mistari. Programa akashuka nayo hadi Jumatano, saa nne, dakika ya arobaini na mbili, akasimamisha kidole. Mistari ilikuwa miwili, imegandana.

Wa kwanza: Sista, taarifa imefungwa. Wa pili: Sista, kitufe cha Ondoa, mstari wa tatu. Kati ya huo na huo zilipita milisekunde mia moja themanini na tatu.

“Kwa lugha ya watu,” Inspekta alisema.

“Chini ya robo ya sekunde.”

“Na hizi namba za pembeni?”

Hizo zilikuwa mahali kipanya kilipokuwa, nukta ngapi kutoka kushoto na ngapi kutoka juu. Aliwahi kuziweka ili ajue watu hubofya wapi. Alizisoma kwa sauti, mstari wa kwanza, kisha wa pili, na sauti ikamfia mwishoni. Zilikuwa zile zile. Kipanya hakikusogea hata nukta moja.

Inspekta alivua miwani.

“Anayetaka kumfuta mtu lazima kwanza amtafute,” alisema taratibu. “Taarifa ikiondoka, jicho lisome majina, lifike la tatu, mkono uende kwenye kitufe. Sema wewe, inawezekana kwa robo ya sekunde?”

“Haiwezekani. Lakini mbofyo wa pili umetoka wapi? Tumebofya mara ishirini.”

Tap-tap. Sasa kile kitu kilipata jina. Inspekta alifungua daftari lake, akarudi nyuma hadi ukurasa wa asubuhi, alipokuwa amekagua kituo cha wauguzi. Chini kabisa, kwenye orodha ya vitu visivyo na maana, alikuwa ameandika: karatasi iliyobandikwa ukingoni mwa skrini, imepauka, gundi imegeuka kahawia, mwandiko wa mkono. Alimsomea kijana yaliyoandikwa. *Bofya mara mbili. Usisubiri.*

Programa alikunja uso. “Hiyo ni ya mfumo wa zamani. Ule ulikuwa mzito, ukibofya mara moja unakutazama tu. Kwenye ukurasa wa wavuti nani anabofya mara mbili?”

“Umewahi kukaa wodini, mwanangu? Hata siku moja?”

Hakuwahi. Wodi ilikuwa ghorofa moja juu ya kichwa chake, na yeye aliijua kwa simu na barua pepe. Alikuwa akiujaribu ukurasa wake mezani kwake, kwa mkono wake mwepesi, mara moja, polepole. Inspekta alimwona akigeuka kuitazama skrini, na akaliona jambo likimfikia.

“Taarifa ilikuwa juu,” Programa alisema. “Mbofyo wa kwanza umeiondoa. Hakuna umbea uliopanda, amri yangu imefanya kazi yake. Ila kilichokuwa chini sasa ndicho kiko juu, na mbofyo wa pili ni mbofyo mpya, hauna habari na wa kwanza. Umeanguka pale pale.” Alifunika mdomo kwa kiganja. “Na hakikuuliza. Zamani kitufe kile kilikuwa kinauliza, una uhakika? Nikaambiwa nilitoe lile swali, madaktari wanasema linawachelewesha. Barua ninayo.”

“Imetiwa saini na nani?”

Programa aliutazama mlango, ambako Daktari Mkuu alikuwa amesimama na fomu yake.

Saa sita kasoro dakika kumi Inspekta aliwaita wote katika chumba cha mitambo. Alimpa kaka wa Mwalimu kiti kilicho karibu zaidi na skrini. Daktari Mkuu alibaki wima. Sista akaletwa, akakalishwa mbele ya kipanya, na Inspekta akawakataza wote wasimweleze kitu. Jaribio ambalo mhusika analijua, aliwaambia, ni maigizo.

Taarifa ya njano ikatokea.

“Ifunge, Sista. Kama siku zote.”

Tik-tik.

Taarifa ikaondoka. Mstari wa tatu nao ukaondoka, na wa nne ukapanda kuziba pengo, kimya, bila swali.

“Mbona jina limepotea?” Sista aliuliza. Aliigeukia skrini tena, akamwangalia Programa, akakiangalia kidole chake cha shahada kilichokuwa bado juu ya kipanya. Alikiondoa polepole kama anayekiondoa kwenye jiko la moto.

Inspekta alimwambia Programa aseme. Kijana alisema yote, matabaka, takataka alizozichuja, swali aliloambiwa alitoe, na hakujificha nyuma ya neno gumu hata moja. Alipomaliza machozi yalikuwa yanamtoka, wala hakuyafuta. Daktari Mkuu aliikunja fomu yake mara mbili, akaitia mfukoni.

“Kwa hiyo ni mimi,” Sista alisema.

Inspekta alikuwa na maneno ya sheria. Nia haikuwepo, shitaka halisimami, atalifuta kwa mkono wake kabla ya hilo gari kuzima injini. Aliyasema. Sista aliyasikiliza mpaka mwisho, kisha akageuka kwa mzee mwenye mfuko.

“Kaka, nilimfuta ndugu yako. Sikujua, lakini nilimfuta.”

Mzee alitazama chini. Mikono yake ilikaza mfuko, ikalegea, ikakaza tena. Nje, langoni, honi ilipiga mara moja. Gari lilikuwa limefika.

Wa kwanza kusogea alikuwa Sista mwenyewe. Alijifuta uso kwa mkono wa sare, akamuuliza Programa ukurasa huu umeanza kutumika lini. Wiki kumi na moja, kijana alisema.

“Wauguzi wote wa wodi ile nimewafundisha mimi. Ile karatasi niliibandika mimi.” Sauti yake ilikuwa imerudi kuwa ya zamu. “Wote tunabofya mara mbili. Tafuta wengine.”

Programa aliandika amri kwa vidole vilivyokosea mara mbili: nionyeshe kila Ondoa iliyofuata taarifa ndani ya nusu sekunde, mahali pale pale. Majibu yalikuwa mistari mitano. Mmoja wao alikuwa Mwalimu. Sista aliinamia skrini na kuisoma iliyobaki kwa kidole, bila kugusa. Huyu alikuja mwenyewe kulalamika, wakamrudisha. Huyu vilevile. Huyu alihamia hospitali nyingine mwezi uliopita. Kidole kikasimama kwenye wa mwisho.

Alikuwa mwanamke wa makamo, wa zamu ya Ijumaa. Ameondolewa Ijumaa alfajiri. Leo ilikuwa Jumatatu, na hapakuwa na mtu aliyelalamika.

Sista hakuomba ruhusa. Alinyanyua simu ya mezani, akabonyeza namba zilizokuwa kwenye skrini. Inspekta aliiweka simu kwenye spika. Ikaita. Ikaita tena, muda mrefu, mpaka Daktari Mkuu akageuza uso ukutani. Ikaita mara ya saba.

“Haloo?” Ilikuwa sauti ya mwanamume, ya mtu aliyekimbia.

Sista alijitaja na kutaja wodi. Aliuliza mgonjwa yuko wapi.

“Yuko hapa, Sista. Amevimba miguu, na tangu asubuhi pumzi inampa shida. Tulikuwa tumekaa tu tunasubiri mtupigie.”

“Mkalishe wima. Asile ndizi, ni hatari kwa moyo wake, asinywe maji, asiinuke mwenyewe. Tunakuja sasa hivi, usikate simu.”

Daktari Mkuu alikuwa tayari anapiga kelele koridoni iandaliwe mashine. Alirudi baada ya nusu dakika, uso umemshuka. Magari ya wagonjwa yote mawili yalikuwa nje kwa dharura, la karibu litarudi baada ya saa nzima.

Inspekta alichungulia dirishani. Chini, mbele ya lango, gari la polisi lilikuwa linanguruma, mlango wa nyuma wazi, dereva amesimama na karatasi za kumpokea mshitakiwa.

“Sista,” alisema, “shuka ulipande lile gari.”

Walitoka mbio, Sista mbele, askari wake wa kumchunga nyuma amembebea mtungi wa oksijeni. Kwenye mlango kaka wa Mwalimu alikuwa amesimama njiani, mrefu, na kwa kitambo kifupi hakuna aliyejua atafanya nini. Aliingiza mkono kwenye mfuko wa mdogo wake, akavuta blanketi la sufu, akamtupia Sista begani.

“Huwa wanasikia baridi,” alisema, na akawapisha.